Georg Volkens

Georg Ludwig August Volkens (Berlin, 13 Julai 1855 – Berlin, 10 Januari 1917) alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana kwa utafiti wake kuhusu mimea inayostahimili ukame, alioufanya kwanza katika jangwa la Misri, na kwa mimea aliyoikusanya Kilimanjaro mwaka 1893 na 1894.

Jangwa la Misri

Volkens alianza kazi yake kwa swali la maji: mmea unayapataje, na unayapotezaje kupitia majani. Swali hilo lilimpeleka Misri, naye mwaka 1887 alitoa kitabu kuhusu mimea ya jangwa lililo kati ya mto Nile na bahari ya Shamu. Wengi kabla yake walitosheka kuorodhesha majina. Yeye alikata majani na mizizi akaichunguza kwa hadubini, akaonyesha jinsi nta, vinyweleo, majani madogo au manene na mizizi mirefu inavyousaidia mmea kuishi pasipo mvua.

Si yote aliyosema yaliyokubaliwa. Alipoona chumvi juu ya majani ya baadhi ya mimea ya jangwani, alidhani chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa ya usiku na kuunywesha mmea. Wataalamu wengine walimpinga muda mfupi baadaye, wakisema kazi ya tezi hizo ni kutoa chumvi iliyozidi.

Kilimanjaro

Alifika Kilimanjaro wakati wa vita. Mwaka 1892 Wajerumani walishindwa na watu wa Moshi chini ya Mangi Meli, na mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda. Kituo cha sayansi kiliwekwa Marangu, kwa Mangi Marealle aliyekuwa rafiki wa Wajerumani. Kwa hiyo utafiti wa Volkens hauwezi kutenganishwa na utawala wa kikoloni: serikali ilitaka kujua ardhi ipi ingefaa kwa mashamba na walowezi. Mwenzake kituoni, mwanajiolojia Carl Lent, aliuawa Rombo mwaka 1894 pamoja na mwanazuolojia Kretschmer, wakati Volkens alikuwa ameshaondoka.

Kwa mtu aliyetoka jangwani, mlima huu ulikuwa na mambo mengi ya kujifunza. Chini, upande wa Himo na Taveta, ni nyika kavu yenye migunga na mishubiri. Juu yake ni vihamba vya migomba, halafu msitu ambao upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Lakini ukizidi kupanda, kupita mita 4,000, ukame hurudi: jua kali mchana, barafu usiku, mvua kidogo. Hapo mimea ina vinyweleo vyeupe na majani yaliyobanana, hila zilezile za jangwani.

Volkens aliandika pia kuhusu kilimo cha Wachagga, pamoja na mifongo, yaani mifereji inayoleta maji ya mlimani hadi mashambani. Ilikuwa imechimbwa na kutunzwa na wenyeji kwa vizazi vingi kabla ya Wazungu kufika. Matokeo ya miezi 15 ya kukaa Uchaggani aliyachapisha Berlin mwaka 1897 katika kitabu kiitwacho Der Kilimandscharo. Kitabu hicho bado hutumiwa na wanahistoria, ingawa lazima kisomwe kwa kukumbuka kilipotoka.

Maisha ya baadaye

Alisafiri tena hadi visiwa vya Karolini katika Pasifiki na kisiwa cha Java, ambako alichunguza jinsi miti ya tropiki inavyopukutisha na kuotesha majani. Huko Berlin alisimamia ofisi ya Bustani ya Mimea iliyotuma mbegu na miche katika makoloni.

Mimea yenye jina lake

Spishi kadhaa zilipewa jina lake na wataalamu wenzake, na nyingi ni za nchi kavu. Aloe volkensii ni mshubiri mrefu wenye shina kama mti. Adenia volkensii ni mmea wenye sumu. Ulio maarufu kuliko yote ni Melia volkensii, ambao Wakamba huuita mukau, mti wa jamii ya mwarobaini unaopandwa sana Ukambani nchini Kenya kwa ajili ya mbao. Wanaopanda mishubiri ya aina hii bustanini huipa jua na udongo usiotuamisha maji, kwa kuwa maji mengi huiozesha mizizi.

Sampuli zilizokaushwa za Kilimanjaro zilihifadhiwa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliunguza jengo la hifadhi hiyo, na sehemu kubwa ya sampuli zake iliteketea. Kwa baadhi ya spishi zimebaki tu nakala zilizokuwa zimepelekwa kwenye hifadhi nyingine za Ulaya.