Sonny Terry: Kipofu Aliyeishi kwa Urithi wa Baba Yake



Katika toleo hili la kumbukumbu, sisi walimu tumependa kuwasimulia maisha ya Mmarekani mweusi aliyekuwa kipofu. Kazi yake ilikuwa kupiga kinanda cha mdomo, ambacho wengine hukiita harmonika. Tumemchagua kwa sababu alichorithi kwa baba yake kiliingia mfukoni, na bado kilimtunza maisha yote.

Jina lake la kuzaliwa ni Saunders Terrell, lakini wengi walimjua kama Sonny Terry. Alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1911 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, miaka 46 tu baada ya utumwa kukomeshwa huko. Baba yake alikuwa mkulima. Baada ya kazi za shamba aliwachezesha majirani kwa kinanda cha mdomo, na mtoto akajifunza kwa kumsikiliza na kumwiga. Hapakuwa na darasa wala kitabu. Kwa pumzi tu, wapigaji wa sehemu zile waliweza kuiga treni inayoondoka stesheni, au mbwa wanaomfukuza mbweha, na Sonny naye akayajua hayo.

Kisha ajali zikamharibu macho, moja baada ya jingine, na alipofika umri wa miaka 16 alikuwa haoni tena. Kazi ya shamba ikamshinda. Kijana maskini na kipofu, katika majimbo ambayo sheria ziliwatenga watu weusi, angeweza kuishia kuomba tu. Yeye akashika kile alichofundishwa nyumbani. Alipiga barabarani, na baadaye katika mji wa Durham, North Carolina, uliojaa viwanda vya tumbaku, ambako wafanyakazi walimpa senti zao. Huko alishirikiana na mpiga gitaa Blind Boy Fuller, ambaye naye alikuwa kipofu. Kuanzia mwaka 1937 walirekodi santuri pamoja.

Inafaa tueleze ufundi wenyewe. Kinanda hiki kilitoka Ulaya, nacho kilipangwa kwa nyimbo za huko, ambazo hutegemea zaidi kupuliza. Watu weusi wa kusini walikigeuza. Walitegemea zaidi kuvuta pumzi ndani, na kwa kubadili mkao wa mdomo na ulimi waliishusha sauti mpaka ikalia kama mtu mwenye huzuni. Huo ndio muziki wa bluzi. Sonny aliongeza jambo lake: kati ya pumzi na pumzi alipiga ukelele mwembamba, kwa haraka sana, hata msikilizaji akadhani kuna watu wawili.

Mwezi Desemba 1938 alialikwa kupiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, kwenye onyesho la muziki wa watu weusi. Alikuwa na umri wa miaka 27. Fuller alifariki mwaka 1941, na Sonny akaungana na Brownie McGhee, mpiga gitaa aliyechechemea kwa sababu ya polio aliyoipata utotoni. Walihamia New York. Asiyeona alitembea na mwenye mguu mbovu, wakafanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 30, hata kufika Ulaya. Hatuwafichi kwamba uzeeni waligombana wakaachana. Hata hivyo, mwaka 1982 wote wawili walipewa na taifa lao tuzo ya watunzaji wa urithi wa jadi.

Sonny hakuuficha ujuzi wake. Mpwa wake, J. C. Burris, alijifunza kwake na kupiga naye. Mwaka 1975 kilitoka kitabu kinachofundisha mitindo yake, ili hata asiyeweza kumfikia ajifunze. Alifariki tarehe 11 Machi 1986, katika jimbo la New York.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tulivuka mpaka mikono mitupu. Lakini katika kila blok wako wazee wanaojua zeze, likembe, inanga, ngoma, hadithi za jioni, na kusuka mikeka. Mzee akifariki bila kumfundisha mtu, hakuna lori litakalotuletea ujuzi ule.

Tunawaomba wazee wawaite watoto wakae karibu nao. Tunawaomba wazazi wenye watoto wasioona au wasiotembea wasiwafungie ndani ya nyumba, bali wawalete shuleni na penye ngoma. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, mnapoandika majina ya walemavu kwenye orodha za msaada, waulizeni pia wanajua kufanya nini. Baba yake Sonny Terry hakuwa na mali ya kumwachia mtoto kipofu. Alimfundisha alichokijua mapema, kabla giza halijaingia, na hicho ndicho kilichomlisha mwanawe.