Jonathan Larson: Weita aliyeandika ‘Rent’, akafa kabla ya onyesho la kwanza

KAMA umewahi kumkwepa landilodi tarehe tano, Jonathan Larson angekuelewa.

Alizaliwa Februari 4, 1960, mjini White Plains, jimbo la New York, Marekani. Alisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Adelphi, kisha akaenda jijini New York kusaka maisha kwa kutunga muziki. Muziki haukulipa. Kwa karibu miaka kumi alikuwa weita katika mkahawa wa Moondance Diner. Nyumba aliyokodi ilikuwa baridi ajabu, na beseni la kuogea lilikuwa jikoni.

Wakati huo, Ukimwi ulikuwa ukiwamaliza vijana wa rika lake, marafiki zake wakiwemo. Larson alichukua opera ya mwaka 1896 ya Puccini, La Bohème, akaihamishia New York. Kifua kikuu kikawa Ukimwi, na wasanii maskini wa Paris wakawa vijana wasio na pesa ya kodi. Ndiyo maana akaiita Rent.

Januari 25, 1996, saa chache kabla ya onyesho la kwanza la majaribio (preview), mshipa wake mkuu wa moyo ulipasuka. Alikuwa na miaka 35. Usiku huo waigizaji walipanga kuwaimbia jamaa na marafiki zake wakiwa wameketi tu. Wakashindwa kutulia, kabla ya mwisho walikuwa wamesimama, wanaigiza.

Aprili mwaka huo Rent ilifika Broadway. Ilishinda Pulitzer na tuzo ya Tony, ikachezwa kwa miaka 12, zaidi ya mara 5,000. Viti vya mbele viliuzwa dola 20, na vijana walilala nje wakipiga foleni.

Filamu ilikuja 2005, ikiongozwa na Chris Columbus. Kati ya waigizaji wakuu wanane wa mwanzo, sita walirudi. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Walikuwa wameongeza miaka tisa, na kijana wa kuhangaikia kodi si sawa na mtu mzima wa kuhangaikia kodi. Jukwaani karibu kila neno huimbwa, bendi inaonekana, na meza chache zinatosha kuwa nyumba. Kwenye filamu, mistari mingi iliyoimbwa inasemwa tu, na mitaa ni mitaa kweli. Unaona machozi kwa karibu, lakini ule moto wa kuwa chumba kimoja na waimbaji unapoa.

Wimbo wa Seasons of Love, ambao jukwaani hufungua sehemu ya pili, filamu imeuweka mwanzo kabisa: waigizaji wanane wamejipanga mstari, mbele yao ukumbi mtupu. Viti hivyo vitupu vinaonyesha kile kamera haiwezi kukuletea, yaani watu walioketi kando yako.

Hata hivyo, bila filamu wengi wetu tusingezisikia sauti zile. Mwaka 2021 Lin-Manuel Miranda aliongoza filamu nyingine, Tick, Tick... Boom!, kutokana na kazi ya Larson kuhusu maisha yake mwenyewe, Andrew Garfield akiigiza kama yeye.

Mtunzi hurekebisha kazi yake baada ya kuwaona watazamaji wakicheka au wakisinzia. Larson hakuipata nafasi hiyo Rent ilipofika Broadway. Kwa hivyo ukibishana na wenzako kuhusu ipi kali, jukwaa au filamu, kumbuka kwamba mwenyewe hakuiona Rent ikiwa Broadway wala kwenye filamu.