James Counsilman, mwalimu aliyetazama chini ya maji

Ninayemsimulia hapa, James Counsilman, alizaliwa Marekani mwaka 1920, akafundisha kuogelea katika Chuo Kikuu cha Indiana. Waogeleaji waliamini kwamba mkono huvuta maji moja kwa moja kuelekea nyuma. Yeye hakutosheka na maelezo yao: aliwapiga filamu chini ya maji, akaona mikono ya walio hodari ikipinda njiani. Mwaka 1968 aliyaeleza hayo kitabuni. Mwaka 1972 mwanafunzi wake, Mark Spitz, alishinda medali 7 za dhahabu Munich. Wataalamu wa baadaye walipinga sehemu ya nadharia yake, lakini kamera ilibaki. Alifariki mwaka 2004. Sisi wanafunzi wa isimu naona anatuhusu: msemaji hakosi kanuni ya kutueleza, ila lugha yenyewe imo katika usemi wake.