Baden-Powell: jenerali aliyewaachia vijana usukani

Ukimuuliza mtu yeyote pale soko la Kihesa skauti ni nani, wengi watakuambia ni wale vijana wanaowavisha wageni skafu Mwenge wa Uhuru unapopita, au wale wanaopanga watu mistari siku za sherehe Uwanja wa Samora. Si jibu baya, ila linaacha jambo kubwa nje. Skauti ilianza kama mpango wa kuwapa vijana nafasi ya kujiongoza wenyewe, huku mtu mzima akiwa nyuma yao.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua hilo. Nilipokuwa shule ya msingi nilivikwa utepe wa kiongozi wa kikosi, nikatembea nao mtaani kwa maringo. Lakini sikuwa naongoza chochote. Mtu mzima aliyetulea alipanga safari, alipanga chakula, alichagua nyimbo na alitunza ufunguo wa stoo. Jumamosi moja hakutokea. Tukakaa uwanjani tangu asubuhi mpaka jua likazama, vijana zaidi ya 20 tukiwa na sare safi, na hakuna aliyejua la kufanya. Tulikuwa tumefundishwa kusubiri.

Wiki hizi katika kipindi chetu tumekuwa tukizungumza na walimu na wazazi wanaojitolea kulea vikundi vya skauti, na swali limekuwa lilelile: mtu mzima afanye nini, na aache nini? Kulijibu, inafaa tumjue aliyeanzisha jambo hili, Robert Baden-Powell, ambaye amezikwa si mbali na kwetu, Nyeri nchini Kenya.

Mtoto aliyelelewa na kaka

Alizaliwa London, Uingereza, Februari 22, 1857. Baba yake alikuwa mchungaji na profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini alifariki mwaka 1860, Robert akiwa na miaka 3. Mama yake, Henrietta Grace, akabaki na kundi la watoto wa kulea peke yake.

Siku za likizo wavulana wa nyumba hiyo walikwenda kusafiri kwa mashua na kulala nje. Hawakuongozwa na mwalimu wala mjomba, bali na kaka yao mkubwa, Warington. Yeye ndiye aliyegawa kazi: huyu apike, yule ashike kamba, huyu aangalie upepo. Robert alijifunza kutii na kufanya kazi chini ya mtu anayemzidi umri kidogo tu.

Katika shule ya Charterhouse alikuwa na tabia ya kutorokea msituni jirani, mahali walipokatazwa. Huko alitega sungura na kuwapika kwa moto usiotoa moshi mwingi ili walimu wasimwone. Darasani hakung'ara sana, na Oxford hawakumpokea. Alifanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri, na mwaka 1876 akapelekwa India.

Askari katika bara letu

Hapa lazima tuseme mambo yote, mazuri na mabaya, hasa sisi watu wa Iringa. Baden-Powell alikuwa ofisa wa dola iliyokuwa ikiteka nchi za watu. Mwaka 1896, wakati Mtwa Mkwawa alikuwa bado anawapiga chenga Wajerumani kwenye misitu ya Uhehe baada ya kuanguka kwa Kalenga, Baden-Powell alikuwa Matabeleland, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akipigana na Wandebele waliokuwa wameinuka dhidi ya utawala wa Waingereza. Huko aliamuru kupigwa risasi kwa chifu mmoja aliyeitwa Uwini, aliyekuwa amekamatwa. Uchunguzi wa jeshi ulimwondolea lawama, lakini jambo hilo halijafutika katika kumbukumbu.

Huko pia ndiko alikozama katika sanaa ya upelelezi: kusoma nyayo, kutembea usiku, kutambua njia kwa nyota na majani. Alianza kuwafundisha askari wake katika vikundi vidogo badala ya kuwasimamisha mia kwa pamoja. Aliona kwamba mtu aliye katika kundi dogo hawezi kujificha nyuma ya mwenzake, kwa kuwa kila mmoja anaonekana na anahitajika. Mafunzo hayo aliyaweka katika kitabu kidogo cha jeshi kilichotoka mwaka 1899.

Wavulana wa Mafeking

Oktoba 1899 vita kati ya Waingereza na Makaburu ilianza Afrika Kusini. Baden-Powell akazingirwa na Makaburu katika mji mdogo wa Mafeking, ambao leo unaitwa Mahikeng. Mzingiro ulidumu siku 217, hadi Mei 17, 1900. Uingereza ilishangilia na kumfanya shujaa, akapandishwa cheo kuwa meja jenerali. Lakini Wabarolong, wenyeji waliosaidia kuulinda mji huo, hawakushangiliwa. Wanahistoria wamemlaumu kwa jinsi chakula kilivyogawanywa, maana Waafrika wengi walikufa kwa njaa ndani ya mzingiro huo.

Ndani ya mji huo kulikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni. Askari walikuwa wachache, hivyo mkuu wa ofisi yake, Lord Edward Cecil, aliwakusanya wavulana wa Kizungu wa mjini, baadhi wakiwa na miaka 9 tu, wakapewa kazi ya kupeleka barua na kusaidia hospitalini. Kiongozi wao hakuwa ofisa. Alikuwa mvulana mwenzao wa miaka 13 hivi, Warner Goodyear. Mwanzoni walipanda punda, baadaye baiskeli, wakipita mahali palipopigwa mizinga. Baden-Powell aliona kwamba mtoto akikabidhiwa kazi ya kweli, hubeba uzito wake.

Pembe ya tandala kisiwani Brownsea

Aliporudi kwao alikuta kitabu chake cha askari kinasomwa na walimu na watoto. Akaanza kukiandika upya kwa ajili ya vijana, bila vita. Lakini kwanza alitaka kujaribu. Mwanzoni mwa Agosti 1907 aliwapeleka vijana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wakapiga kambi kwa muda wa wiki moja.

Alichanganya watoto wa matajiri waliosoma shule za ada kubwa na watoto wa wafanyakazi wa miji ya jirani, jambo lililokuwa geni kwa Uingereza ya wakati ule. Kisha akawagawa katika vikosi vinne: Mbwamwitu, Kunguru, Fahali na Sululu. Kila kikosi kilikuwa na kiongozi wake kijana, mwenye madaraka kamili juu ya hema lake, moto wake na watu wake. Asubuhi aliwaamsha kwa kupuliza pembe ya tandala aliyoipata vita vya Matabeleland. Wanyama hao hao tunawaona sisi hapa Ruaha.

Kambi ilifanikiwa. Yeye na watu wazima wachache waliomsaidia walifundisha, wakasimulia hadithi usiku, wakaangalia usalama. Kazi ya kuendesha kambi ilibaki kwa vikosi.

Vijana walitangulia, watu wazima wakafuata

Januari 1908 kitabu chake cha vijana kilianza kutoka kwa sehemu sita, kila baada ya wiki mbili, kwa bei ya peni 4. Kilichotokea baada ya hapo ndicho kiini cha habari hii.

Baden-Powell hakuwa amepanga kuanzisha chama kipya. Alidhani vyama vya vijana vilivyokuwapo vitatumia mawazo yake. Lakini vijana walinunua sehemu hizo, wakajikusanya watano, sita au wanane, wakachagua kiongozi wao, wakashona bendera na kuingia porini. Baadaye ndipo walipogonga mlango wa mwalimu, mchungaji au jirani kumwomba awe mlezi wao. Yaani kikundi kilikuwapo kwanza, mtu mzima akaalikwa.

Septemba 1909 skauti wapatao 11,000 walikusanyika Crystal Palace, London. Miongoni mwao walisimama wasichana ambao hawakualikwa na mtu, wakidai kwamba nao ni skauti. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha wasichana, na dada yake Baden-Powell, Agnes, akawa kiongozi wake. Mwaka huohuo wa 1910 Baden-Powell aliacha jeshi ili awatumikie vijana. Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, ambaye baadaye aliongoza chama cha wasichana duniani.

Kumfundisha mtu mzima kukaa pembeni

Tatizo halikuchelewa kujitokeza. Watu wazima wengi waliojitolea walikuwa na moyo mzuri, lakini walizoea darasa au gwaride. Waliwapanga vijana mstari mmoja, wakatoa amri, na viongozi wa vikosi wakabaki mapambo.

Baden-Powell alilipinga hilo maisha yake yote. Kwake mfumo wa vikosi haukuwa njia mojawapo ya kuendesha skauti, bali ndiyo skauti yenyewe. Viongozi wa vikosi walikaa pamoja katika baraza lao, lililoitwa baraza la heshima. Baraza hilo liliamua ratiba, matumizi ya fedha na nidhamu. Mtu mzima alihudhuria kama mshauri. Alimtaka mlezi asiwe mwalimu wa darasani wala ofisa wa jeshi, bali awe kama kaka mkubwa. Anayejua habari za Warington na ile mashua anaelewa wazo hilo lilitoka wapi.

Kwa kuwa kukaa pembeni hakuji kwenyewe, aliamua watu wazima nao wafundishwe. Mwaka 1919 chama kilipata eneo la Gilwell Park, karibu na London, na Septemba mwaka huo mafunzo ya kwanza ya walezi yakafanyika hapo. Watu wazima waligawanywa katika vikosi, wakalala kwenye hema na kuongozwa na wenzao, ili waonje wao kwanza kile watakachowapa vijana. Waliohitimu walipewa shanga mbili za mbao, mfano wa zile Baden-Powell alizozileta kutoka Zululand. Mpaka leo mlezi aliyehitimu mafunzo hayo, hata hapa Tanzania, huvaa shanga hizo shingoni.

Hata hivyo chama hakikuwapokea vijana wote kwa usawa. Afrika Kusini vijana Waafrika walizuiwa kujiunga na skauti, wakawekwa katika chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders. Baden-Powell alipokwenda huko mwaka 1936, makubaliano yaliyofikiwa yaliacha matawi yakitenganishwa kwa rangi. Mtu aliyewaamini vijana kuongoza hakuisimamia imani hiyo kwa vijana wote.

Mwisho wa safari, Nyeri

Mwaka 1937 alihudhuria mkutano wake wa mwisho wa skauti wa dunia, nchini Uholanzi. Mwaka 1938, afya ikiwa imedhoofika, yeye na Olave walihamia Nyeri. Walijenga nyumba ndogo katika eneo la hoteli ya Outspan, wakaiita Paxtu. Kutoka barazani Mlima Kenya ulionekana. Huko aliandika na kuchora wanyama hadi alipofariki Januari 8, 1941, akiwa na miaka 83.

Kaburi lake liko Nyeri, na majivu ya Olave, aliyefariki mwaka 1977, yamezikwa hapo hapo. Juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani wanayoitumia skauti, na maana yake ni kwamba aliyeiweka amekwenda nyumbani. Skauti kutoka nchi mbalimbali hufika hapo kila mwaka.

Na sisi Kihesa?

Chama cha Skauti Tanzania ni mwanachama wa shirika la skauti duniani tangu mwaka 1963. Sare tunazo, nyimbo tunazo, moyo wa kujitolea pia upo. Walezi wengi hapa mjini hawalipwi, na wengine hutoa nauli mfukoni mwao. Tunawashukuru.

Kumwachia kijana uongozi si kumtelekeza. Ruhusa ya wazazi, sanduku la huduma ya kwanza, usalama mtoni na barabarani, na ulinzi wa watoto dhidi ya unyanyasaji ni wajibu wa mtu mzima, na hauwezi kukabidhiwa kwa mtoto wa miaka 13. Lakini kama vikosi vinataka kutembea kutoka Kihesa hadi jiwe la Gangilonga, waache wapange wenyewe njia, saa ya kuondoka, nani abebe maji na nani abebe sufuria. Wakisahau chumvi watakula ugali na maharage yasiyo na chumvi siku hiyo, na safari ijayo hawatasahau. Mlezi anayekimbia dukani kuwaletea amewaonea huruma, lakini amewanyang'anya somo.

Kwa hiyo ndugu mlezi, Jumamosi hii jaribu jambo moja dogo. Fika uwanjani, salimia, kisha mkabidhi mmoja wa viongozi wa vikosi ufunguo wa stoo. Laiti siku ile ufunguo huo ungekuwa kwa mmoja wetu, tusingekaa pale mpaka jua linazama.