Imamu Ghazali: Mwanachuoni Aliyefungwa Ulimi

Hapa kwetu Pwani jina la Imamu Ghazali si geni. Masharifu wa Alawi wa Hadhramaut walikishika kitabu chake cha Ihyaa kwa mikono miwili, na njia yao ndiyo iliyofika kwetu na kumtoa mtu kama Habib Swaleh wa Riyadha, Lamu. Lakini wengi tunaokijua kitabu hatuyajui maisha ya mwenyewe, na maisha hayo ndiyo yanayotwambia kwa nini kitabu kile kiliandikwa.

Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali alizaliwa mwaka 1058, sawa na 450 Hijria, katika mji wa Tus, Khurasani, ambao leo uko Uajemi. Yasimuliwa kuwa babake alikuwa maskini msokota sufu. Alipohisi mauti yamekaribia, alimkabidhi rafiki yake mmoja Sufi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba ndogo. Akiba ilipokwisha, yule Sufi, naye hana kitu, aliwashauri waingie madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula. Basi twaweza kusema kuwa njaa ndiyo iliyowapeleka chuoni.

Akasoma Nishapur kwa Imamu Juwayni, yule aitwaye Imamul Haramain, mpaka mwalimu wake alipofariki mwaka 1085. Mwaka 1091 waziri mkuu Nidhamul Mulk akampa kiti cha kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, naye umri wake ni kama miaka thelathini na mitatu tu. Wanafunzi mia tatu wakikaa mbele yake. Jaha gani tena aitakayo mwanachuoni?

Lakini mtu huyu tangu ujanani alikuwa na kiu ya yakini. Aliwahi kuyatilia shaka hata macho yake, kwani jicho huiona nyota kama dinari, na hisabu huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Shaka hiyo ilimkaa miezi miwili hata Mungu alipomtia nuru kifuani. Ndipo akawatazama watafutao haki wa zama zake, akawaona ni makundi manne, na kila moja ladai njia ni yake.

Alianza na watu wa ilmul kalam. Akaona elimu yao ni ngao nzuri ya kuilinda imani, ila haikumponya yeye ugonjwa wake. Kisha akawaendea wanafalsafa. Kwa muda usiofika miaka miwili, katika saa zake za faragha na bila ya mwalimu, alivisoma vitabu vyao, akaandika kwanza kitabu cha kueleza madai yao, kisha ndipo akaandika cha kuwajibu katika mas-ala ishirini. Katika matatu aliwahukumu kuwa wamekufuru, lakini hisabu na mantiki hakuvitupa. Maelezo yake ya mwanzo yalikuwa ya insafu hata wasomi wa Ulaya, walipokipata kile kitabu kwa Kilatini, walidhani naye ni mwanafalsafa kama wao. Tatu ni Batiniya, waliosema haki haipatikani ila kwa imamu asiyekosea. Aliwauliza yaliyomtatiza, asipate jawabu.

Wakabaki Masufi. Vitabu vyao alivisoma, vya Abu Talib al-Makki na vya Muhasibi, akavielewa vyema. Hapo akatambua kuwa kilichobaki hakisomwi bali huonjwa. Kuijua maana ya afya ni jambo moja, na kuwa mzima ni jingine. Akajitazama, akaona hata kusomesha kwake hakukuwa kwa ajili ya Mungu, bali kwa ajili ya jina.

Mshika mbili moja humponyoka. Tangu Rajabu 488, yaani mwaka 1095, alivutana na nafsi yake karibu miezi sita. Asubuhi ataka kuondoka, jioni nia imevunjika. Mwisho ulimi ukafungwa, asiweze kutamka neno mbele ya wanafunzi, wala chakula hakikupita kooni. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa uko moyoni.

Basi akaigawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatangaza kuwa aenda Makka, na kumbe nia yake ni Shamu. Huko Damascus alikaa kiasi cha miaka miwili, akijifungia mchana kutwa katika mnara wa msikiti. Akenda Baitul Makdis, na kwa kaburi la Nabii Ibrahimu akaahidi kutoingia tena kwa wafalme, kutopokea mali yao, na kutoshindana kwa hoja. Kisha akahiji. Ihyaa, yenye vitabu arubaini ndani yake, ni tunda la miaka hiyo.

Mwaka 1106 alirudi kusomesha Nishapur, lakini sasa akifunza watu kuiacha ile jaha aliyokuwa akiitafuta. Alifariki Tus mwezi wa Disemba 1111. Nduguye Ahmad alisimulia kuwa alisali alfajiri, akataka sanda yake, akaibusu, akalala kuelekea kibla.

Mimi naona funzo lake kwetu ni hili. Hata leo misikitini mwetu wako wanaopenda maulidi na dhikri na wako wanaoyapinga, na wengi wetu twamhukumu mwenzetu kabla hatujamsikiliza. Ghazali hakusema kuwa njia zote ni sawa. Alizipima, zingine akazikataa kwa ukali. Lakini hakuikataa hata moja kabla ya kuisoma mpaka mwisho, na aliyoikubali aliilipia kwa kila alichokuwa nacho. Mungu amrehemu.