Mtakatifu Titus Brandsma na Magazeti ya Uholanzi

Mtakatifu Titus alizaliwa tarehe 23 Februari 1881 katika Uholanzi, nchi jirani ya Ubelgiji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Akaingia utawa wa Wakarmeli, akapewa upadri mwaka 1905, kisha akafundisha katika chuo kikuu cha Nijmegen. Mwaka 1935 aliwekwa kuwa mshauri wa waandishi wa magazeti ya Kikatoliki.

Mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Wajerumani yaliiteka nchi ile. Malkia na mawaziri wake wakakimbilia Uingereza. Maofisa Waholanzi waliobaki waliendelea na kazi, lakini chini ya amri ya Wajerumani. Baadhi yao walivutana na wakubwa hao wapya. Wengine, watu wa chama kiitwacho NSB, waliwatumikia kwa hiari. Maaskofu wakawanyima Sakramenti Wakatoliki waliokisaidia chama hicho.

Mnamo Desemba 1941 ofisi ya serikali iliyosimamia magazeti ilitoa amri kwamba gazeti lolote lisikatae kupiga chapa matangazo ya NSB. Ilikuwa amri ngumu. Mwenye gazeti akikataa, gazeti lingeweza kufungwa, na wafanyakazi wake wangekosa riziki. Akikubali, Wakristo wangesoma mafundisho mabaya katika gazeti lao wenyewe.

Askofu Mkuu de Jong alitaka wenye magazeti waimarishwe. Padre Titus, ingawa mwili wake ulikuwa dhaifu, alikubali kwenda. Alijua hatari yake. Alisafiri mji hata mji, akazungumza nao mmoja mmoja, akiwaeleza kwamba Mkatoliki hawezi kuitii amri hiyo.

Tarehe 19 Januari 1942 alikamatwa. Alipoulizwa, hakuficha neno. Aliandika gerezani sababu za Waholanzi kukikataa chama cha NSB. Mwishowe alipelekwa Ujerumani, katika kambi ya Dachau, akapigwa na kuteswa. Aliwaombea waliomtesa. Tarehe 26 Julai 1942 aliuawa kwa sindano ya sumu. Mwuguzi aliyemchoma sindano alikuwa Mkatoliki aliyeacha dini. Padre Titus alikuwa amempa rozari yake. Baada ya vita mwanamke huyo alitoa ushahidi juu ya utakatifu wake.

Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Basi, wakatekumeni wapendwa, siku ya ubatizo mtaahidi kumkataa Shetani. Mwombeni Mtakatifu Titus, ili ahadi hiyo mwishike hata itakapowagharimu.