Padre Charles Sacleux na Maneno ya Njia ya Morogoro

Mwanafunzi wa leksikografia ya Kiswahili hukutana na jina la Charles Sacleux mapema, lakini aghalabu hukutana nalo katika tanbihi tu. Kamusi yake kuu imeandikwa kwa Kifaransa, na wengi wetu tulisomeshwa fani hii kwa kupitia Kiingereza. Kwa hiyo tunamtaja kuliko tunavyomsoma. Makala haya yanakusudia kueleza maisha yake kwa ufupi na, hasa, kutazama namna alivyokusanya maneno, maana namna hiyo ina uzito katika mjadala wa fasili tunaouendesha hadi leo.

Sacleux alizaliwa kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1856, akawa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na akawasili Afrika Mashariki mwaka 1879. Sehemu kubwa ya miaka yake huku aliishi Bagamoyo, katika misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 na ambayo wakazi wake wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Hili si jambo dogo kwa mwanaisimu. Waliokaa pale hawakuwa Waswahili wa asili ya pwani peke yao. Walitoka bara, kila mmoja na lugha ya mama yake, nao walikutana katika Kiswahili cha Mrima. Zaidi ya hayo, Bagamoyo ulikuwa mlango wa misafara. Wapagazi waliingia na kutoka, na njia yao kuu ilipita Morogoro, chini ya kuta za milima ya Uluguru, kabla ya kuendelea Ugogo na Unyamwezi. Shirika lenyewe liliifuata njia hiyo: Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, Morogoro katika miaka ya 1880, na Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, mwaka 1897. Vituo hivyo na pwani viliunganishwa na watu waliotembea kwa miguu, nao walibeba maneno pamoja na mizigo.

Katika mazingira hayo Sacleux alifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na kwa maoni yetu huo ndio ufunguo wa kumwelewa. Alikusanya maneno, vilevile alikusanya mimea. Vielelezo alivyokausha vilipelekwa katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Paris, na wataalamu wa huko walimkumbuka katika majina yao ya kisayansi. Jenasi ya Sacleuxia, iliyopewa jina hilo na Baillon, ni mfano mmoja. Mfano wa pili unatuhusu zaidi, kwa kuwa unatupeleka moja kwa moja kwenye misitu ya Uluguru.

Kuna mti mkubwa wa misitu ya milimani ambao hustawi Uluguru, Nguru, Udzungwa na Usambara. Matunda yake ni makubwa na mazito, huning'inia na hatimaye kuanguka yenyewe, na mbegu zake zina mafuta yanayoganda katika joto la kawaida, yafaayo kupikia. Wasambaa huuita msambu. Kwingineko huitwa mkani au mkanyi. Mwaka 1896 Henri Hua wa Paris aliuandika kwa jina la Allanblackia sacleuxii. Lakini Engler wa Berlin alikuwa amekwisha kuuandika muda mfupi kabla yake, kwa heshima ya Stuhlmann, Mjerumani ambaye naye alizuru Uluguru katika miaka hiyohiyo. Kanuni ya wanabotania humpa haki aliyetangulia, hivyo jina la Sacleux likaangukia katika orodha ya visawe, na mti huo leo ni Allanblackia stuhlmannii. Maandishi ya Kifaransa ya zamani, hata hivyo, yaliyaita mafuta ya mbegu hizo kagné, jina ambalo haliwi ila kanyi iliyovikwa tahajia ya Kifaransa. Wazungu wawili waligombania jina la mti, kwa kusema hivyo, ilhali wenyeji walikuwa nalo siku zote.

Turudi kwenye kamusi. Aliyezoea kubandika karatasi kwenye tawi lililokaushwa, na kuandika juu yake mahali lilipokatwa na jina aliloambiwa, hawezi kuridhika na neno lisilo na makao. Ndivyo Sacleux alivyofanya na vidahizo. Neno la Mrima alilitia alama ya Mrima. La Amu, alama ya Amu. La Mvita na la Unguja vivyo hivyo. Jina la mmea alilifuatisha na jina lake la kisayansi kila alipoweza. Kamusi zetu nyingine, tangu za wamisionari wa Kiingereza hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, mara nyingi hutosheka kusema kwamba neno fulani ni aina ya mti, na msomaji abaki msituni bila kiongozi. Fasili ya namna hiyo huthibitisha tu kwamba neno lipo. Haimwezeshi mtu kulitumia.

Masikio yake pia yalikuwa makali. Alisikia tofauti ya paa wa mwituni na paa la nyumba, ambapo sauti ya kwanza ina mpumuo na ya pili haina, na tahajia yetu ya kawaida haionyeshi tofauti hiyo. Alichapisha kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, akaondoka Afrika Mashariki mwaka 1898, kisha akafundisha Ufaransa. Uchunguzi wake wa fonetiki ulitoka mwaka 1905, na sarufi mbili, moja ikiwa ya lahaja za Kiswahili, mwaka 1909.

Baada ya hapo kazi ya kamusi kuu ikaendelea kwa miaka mingi. Sehemu ya kwanza ilitolewa na Taasisi ya Etnolojia ya Paris mwaka 1939, na ya pili mwaka 1941. Mwaka huohuo wa 1939 ilitoka Kamusi Sanifu iliyohaririwa na Frederick Johnson chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kazi hizo mbili zilielekea pande mbili. Ya Kamati ilihudumia shule na serikali za kikoloni, na msingi wake ulikuwa Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Ya Sacleux ilichukua lahaja zote alizozifikia, pamoja na maneno ya kale ya ushairi. Moja ikaingia madarasani. Nyingine ikaingia maktaba za Ulaya wakati wa vita.

Hatuna sababu ya kumfanya Sacleux mtakatifu wa leksikografia. Jalada linabeba jina moja, wakati maarifa yaliyomo ni ya wavuvi, wapagazi, waganga na wakulima wengi. Pia Kiswahili alichokihifadhi ni cha karne ya 19, na anayekitumia kama ushahidi wa Kiswahili cha leo atapotea. Lakini mtafiti wa istilahi za mimea, ya misitu ya Uluguru ikiwemo, anayeunda neno jipya kabla ya kumfungua Sacleux, huenda anaunda neno ambalo tayari lilikuwapo.

Alifariki Ufaransa mwaka 1943. Miongoni mwa karatasi alizoacha kulikuwa na msamiati wa Kingazija na lahaja ndugu zake za Komoro. Ulihaririwa na Ahmed-Chamanga na Gueunier, na kuchapishwa Paris mwaka 1979.